Tusiseme "Ni Katuni Tu"



Kila mara mazungumzo ya jumuiya zetu yanapogusa yale ambayo watoto wanayatazama, kuna hoja moja inayorudi. Hoja hiyo ina maneno matatu: ni katuni tu. Anayeitamka hutaka kuufunga mjadala kabla haujafunguliwa. Kwake yeye, kuuliza kwa nini shujaa wa hadithi amebadilishwa rangi, au kwa nini msichana amenyimwa nafasi ya kwanza, ni kazi ya watu walioshiba. Wapo pia ndugu wengine, tena waamini wenye bidii, wanaoongeza kwamba neno "uwakilishi" ni mzigo uliotoka Ulaya na Marekani pamoja na itikadi zisizopatana na imani, na kwamba Mkristo mwema angefanya vizuri kulipuuza.

Sisi tunasema la, na tunasema hivyo kwa ajili ya imani ileile. Tunashikilia kwamba swali la nani anaonekana katika hadithi, kwa sura gani na kwa kazi gani, liliingia ndani ya Kanisa zamani sana kabla studio za filamu hazijajengwa. Tunashikilia vilevile kwamba wako wanaolikubali swali hilo na bado wanalijibu vibaya, kwa sababu wanadhani kumheshimu mtu ni kumwondolea kila doa. Ili tusiseme maneno ya hewani, tuchukue mfano mmoja, ambao vijana wetu wengi wanaujua kuliko sisi wazazi wao.

Mwezi Februari 2005, kituo cha televisheni cha Nickelodeon nchini Marekani kilianza kuonyesha Avatar: The Last Airbender, hadithi iliyotungwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Iliendelea hadi Julai 2008 kwa sehemu 61, zilizogawanywa katika vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Ulimwengu wake una mataifa manne, na katika kila taifa wapo watu wenye kipaji cha kuamrisha maji, ardhi, moto au hewa. Mtu mmoja tu, aitwaye Avatar, anaweza kuviamrisha vyote vinne, naye amekabidhiwa kazi ya kulinda amani. Hadithi inapoanza, Taifa la Moto limekwisha kupiga vita miaka mia moja na kuwaangamiza Wahamaji wa Hewa, isipokuwa mtoto mmoja wa miaka 12, Aang, aliyekuwa amefungwa ndani ya barafu. Wanaomkuta ni Katara, msichana wa miaka 14, na kaka yake Sokka, watu wa Kabila la Maji.

Watunzi hao wawili ni Wamarekani, lakini hawakuchukua ngome na mabwana wa Ulaya ya kale, kama ilivyozoeleka katika hadithi za namna hii. Kabila la Maji walilichora kwa kufuata Wainuit na watu wengine wa nchi za barafu. Wahamaji wa Hewa wanafanana na watawa wa Tibet. Ufalme wa Ardhi umechukua mengi kutoka China, na Taifa la Moto limechukua mengi kutoka Japani ya kifalme. Miondoko ya kila kipaji ilitolewa katika sanaa za mapigano za Kichina, na mwalimu wa sanaa hizo, Sifu Kisu, aliitwa kuwaongoza wachoraji. Maandishi yanayoonekana kwenye barua na mabango ni ya Kichina halisi. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzipa picha mwendo ilifanyika katika studio za Korea Kusini. Basi katika hadithi iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Marekani, waliowekwa katikati walikuwa watoto wenye sura za Asia na za Aktiki. Wao ndio waliopenda, waliokosa, waliocheka na kuokoa.

Kazi hiyo haikuwa kamilifu. Sura zilikuwa za Asia na Aktiki, lakini sauti za Aang, Katara na Sokka zilitolewa na waigizaji Wazungu. Wachache tu kati ya wenye nafasi kubwa, kama vile Dante Basco, mwenye asili ya Ufilipino, na mzee Mako, aliyezaliwa Japani na kufariki mwaka 2006, walikuwa na asili ya Asia. Tunalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba tumekuja kuisifu kampuni fulani. Tumekuja kutazama kilichotokea baadaye.

Baadaye, hadithi ilichukuliwa ili igeuzwe kuwa filamu ya watu halisi. Mwishoni mwa mwaka 2008 majina ya waigizaji yalipotangazwa, wote wanne waliopewa nafasi za kwanza, yaani Aang, Katara, Sokka na Zuko, mwana wa mfalme wa Taifa la Moto, walikuwa Wazungu. Wapenzi wa hadithi walipinga; walimwandikia mtayarishaji barua, wakaanzisha kampeni iliyoitwa Racebending. Kisha yule aliyepewa nafasi ya Zuko akaondoka, na mahali pake akawekwa Dev Patel, Mwingereza mwenye asili ya India. Filamu ilipotoka Julai 2010, matokeo yalikuwa haya: watoto watatu wanaookoa ulimwengu ni weupe, taifa linalochoma vijiji vya wengine linaongozwa na watu wenye ngozi ya kahawia. Mwongozaji wake, M. Night Shyamalan, ambaye mwenyewe alizaliwa India, alijitetea kwamba filamu yake ina watu wa asili nyingi.

Tuupime utetezi huo, maana ndani yake kuna somo. Ni kweli, asili nyingi zilikuwamo. Lakini walipangwaje? Wema walipewa rangi moja, wavamizi wakapewa rangi nyingine. Katika katuni ya mwanzo haikuwa hivyo: aliyeonewa na aliyeonea wote walikuwa na sura za Asia, na kwa hiyo mtoto aliyetazama hakuweza kujifunza kwamba uovu una rangi. Filamu ya 2010 iliongeza sura nyingi na papo hapo ikaliondoa somo hilo. Basi kuhesabu vichwa hakutoshi. Inatupasa kuuliza kila kichwa kimewekwa wapi.

Na kwa wale wasemao kwamba rangi haina maana katika hadithi ya kubuni, tunawauliza swali moja tu: kama haina maana, kwa nini iliondolewa? Mtoto wa Kiinuit aliyechorwa hivyo tangu mwanzo hakuhitaji kubadilishwa. Ilibidi mtu aamue, alipe fedha, atafute waigizaji, ndipo rangi ile ifutwe. Hakuna mtu anayetumia fedha kufuta jambo lisilo na maana. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Aliyeondolewa katika hadithi yake mwenyewe ananyang'anywa hata kile alichokuwa nacho.

Mtu atauliza: yawahusu nini Wakongomani mambo ya Wainuit na Watibet? Ni kweli kwamba hakuna hata taifa moja kati ya yale manne lililochorwa kwa kufuata Afrika yetu. Hatulalamiki kwa hilo. Watunzi walichagua Asia, na uaminifu wao kwa Asia ndio uliowapa nguvu. Hatuombi kubandikwa usoni mwa hadithi ya jirani. Lakini sisi, kuliko watu wengi, tunajua maana ya kuchorwa na mtu asiyekujua.

Mwaka 1930, mjini Brussels, kijarida cha watoto kiitwacho Le Petit Vingtième kilianza kuchapisha safari ya Tintin nchini Kongo. Kijarida hicho kilikuwa sehemu ya gazeti la Kikatoliki, Le Vingtième Siècle. Mchoraji, Hergé, alikuwa hajawahi kukanyaga ardhi yetu. Alichora watu wenye midomo mikubwa, wavivu, wasiojua kusema, wanaomsujudia kijana wa Kibelgiji na mbwa wake. Katika toleo la mwanzo, Tintin anaingia darasani mwa misheni na kuwafundisha watoto wetu kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo liligeuzwa kuwa la hesabu. Mwaka 2007 Mkongomani aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mbele ya sheria, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikayakataa madai yake. Tuyaache ya mahakama. Sisi tunakumbuka jambo moja: watoto Wakatoliki wa Ubelgiji walitufahamu kwa picha zile, katika karatasi iliyochapwa na waamini wenzetu, na pengine baadhi yao walikuja baadaye huku kuwa wakubwa wa kazi, mapadri na walimu. Nani atasimama mbele yetu aseme: zilikuwa picha tu?

Kanisa la Kongo halikusema hivyo. Kardinali Joseph-Albert Malula na wenzake walipotaka Misa iadhimishwe kwa namna ambayo Mkongomani anajitambua ndani yake, pamoja na kuwataja wahenga wenye moyo mnyofu, pamoja na ngoma na mwendo wa mwili, walikutana na watu waliouliza: ina haja gani? Misa ni Misa. Walivumilia, wakafanya kazi miaka mingi, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale kwa majimbo ya nchi iliyoitwa Zaire. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa ibada hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Katika miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Mafa huko kaskazini mwa Kameruni waliigiza wenyewe mandhari ya Injili, na kutokana na maigizo yao zikachorwa picha za Yesu mwenye sura ya Kiafrika, ambazo leo zimetundikwa katika parokia nyingi za bara letu. Na karne nyingi kabla ya hapo, wachoraji wa Ulaya walikwisha kumpa mmoja wa Mamajusi sura ya mtu mweusi, ili ionekane kwamba mataifa yote yalifika Bethlehemu. Je, wote hao walikuwa watumwa wa itikadi mpya? Walijua tu kwamba mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ana haki ya kuonekana, na kwamba kumficha ni kuficha kitu cha Mungu.

Tufike sasa kwenye swali la msichana.

Katika kitabu cha kwanza cha Avatar, Katara anasafiri hadi Ncha ya Kaskazini ili afundishwe na bingwa wa kuamrisha maji, mzee Pakku. Mzee anakataa. Mila ya kabila lake inawaruhusu wanawake kuponya wagonjwa, lakini haiwaruhusu kupigana. Katara anamwita uwanjani, anapigana naye mbele ya watu, na anashindwa. Kisha mzee anauona mkufu shingoni mwa msichana. Yeye mwenyewe aliuchonga, miaka mingi nyuma, kwa ajili ya mchumba wake, nyanya wa Katara, ambaye alikimbia kabila na ndoa hiyo kwa sababu hakuweza kuishi chini ya mila ile. Hapo mzee anatambua kwamba sheria aliyokuwa akiilinda ndiyo iliyomnyang'anya mke. Anamkubali mwanafunzi.

Wako waliolalamika, na hawakukosea kabisa, kwamba ufundi wa msichana ulipaswa kutosha bila mkufu. Sisi tunaona pia upande wa pili. Mzee hakupinduliwa na kelele za nje. Alikumbushwa hasara yake mwenyewe. Sisi nasi tuulizane katika nyumba zetu: karo ya sekondari inapopungua, ni nani anayeondolewa kwanza darasani? Ni nani anayebaki kuteka maji na kulea wadogo ili kaka yake asome? Tunaita hiyo mila, tunaita hiyo busara, na hatuhesabu ni waganga wangapi, walimu wangapi na viongozi wangapi wa jumuiya tumewapoteza kwa njia hiyo. Mtoto wa kike anayemwona Katara akidai mwalimu hafundishwi uasi wa kigeni. Anaona haki yake ikisemwa kwa sauti.

Na wenye biashara ya filamu huko Marekani hawakuwa na busara kuliko sisi. DiMartino na Konietzko walipotayarisha hadithi ya pili, The Legend of Korra, iliyoonyeshwa kuanzia 2012 hadi 2014, walimweka katikati msichana wa miaka 17, mwenye ngozi ya kahawia, mwenye nguvu na hasira za haraka. Konietzko alieleza kwamba baadhi ya wakubwa wa kituo walisita, kwa sababu desturi ya biashara inasema wasichana watatazama hadithi ya mvulana, lakini wavulana hawatatazama hadithi ya msichana. Hadithi ilipojaribiwa mbele ya watoto, wavulana walisema hawajali kwamba ni msichana; walimpenda tu. Kumbe kizuizi kilikuwa vichwani mwa watu wazima, nao walikuwa wakiwasingizia watoto.

Tena Korra hakuchorwa kama sanamu ya ushindi. Mwishoni mwa kitabu cha tatu anatiwa sumu na kuteswa, na katika kitabu cha nne tunamwona katika kiti cha magurudumu, akijifunza tena kutembea, akiogopa, akishindwa, akikaa miaka mitatu kabla ya kurudi. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo wanawake wengi wamejeruhiwa na vita tunaelewa uzito wa picha hiyo: mwanamke aliyeumizwa bado ndiye mwenye hadithi. Haiachwi hadithi ikamfuata mwingine kwa sababu yeye ameanguka.

Kanisa letu limemweka altareni Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite, aliyekataa matakwa ya afisa wa waasi na kuuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Hatumheshimu kama mtu aliyekuwa nyuma ya hadithi ya mwanamume. Uamuzi ulikuwa wake, neno la mwisho lilikuwa lake, na msamaha aliomsamehe muuaji ulitoka kinywani mwake. Wanaomwomba Anuarite asubuhi wasituambie jioni kwamba msichana katikati ya hadithi ni jambo la kigeni.

Hadi hapa tumepigana na upande mmoja. Haki inatudai tuugeukie upande wa pili.

Februari 2024 kampuni ya Netflix ilitoa tena Avatar kwa watu halisi. Safari hii kosa la sura lilirekebishwa kwa kiasi kikubwa: Aang aliigizwa na Gordon Cormier, kijana mwenye asili ya Ufilipino, na Katara aliigizwa na Kiawentiio, binti wa taifa la Mohawk, mojawapo ya mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini. Kwa hilo tunashukuru. Lakini kabla ya filamu kutoka, waigizaji walieleza kwamba dharau ya Sokka kwa wasichana, iliyokuwa wazi katika katuni, imepunguzwa, kwa kuwa ilionekana haifai nyakati hizi.

Tuangalie kilichopotea. Katika katuni, Sokka ni kijana anayeamini kwamba vita ni kazi ya wanaume na ushonaji ni kazi ya wanawake. Anafika kisiwa cha Kyoshi, ambako wapiganaji ni wasichana. Anawacheka, na Suki, kiongozi wao, anamwangusha mbele ya wote. Kisha Sokka anarudi peke yake, anapiga magoti, anaomba radhi, na anaomba afundishwe. Anakubali hata kuvaa vazi lao na kupakwa rangi usoni kama wao. Tangu siku hiyo anaanza kuwa mtu mwingine. Wale waliopunguza dharau yake walidhani wanawalinda wasichana. Kwa kweli, aliyemwondolea Sokka dhambi amemwondolea pia toba. Mvulana anayetazama, ambaye moyoni mwake ana dharau ileile, haoni tena njia ya kutoka ndani yake. Anaona tu kijana mwema aliyezaliwa mwema. Sisi Wakatoliki, tunaopiga magoti katika kiti cha kitubio, tunapaswa kuwa wa kwanza kuona hasara hiyo: hakuna maondoleo pasipo ungamo.

Hili ndilo jambo tunalotaka kulisimamisha. Kumwakilisha mtu kwa haki ni kumpa vitu viwili kwa pamoja: sura yake halisi, na dhamiri inayoweza kuanguka na kuinuka. Mchoraji wa Brussels alitunyima vyote viwili. Filamu ya 2010 ilichukua sura. Toleo la 2024 lilirudisha sura, likapunguza dhamiri. Katuni ya 2005, pamoja na kasoro zake, ilivikaribia vyote viwili, na hii ndiyo sababu inadumu. Mkumbukeni Zuko, mwana wa mfalme mvamizi. Anamsaliti Iroh, mjomba wake aliyemlea, na mzee anatiwa gerezani. Baadaye kijana anatubu, anamfuata mzee hemani na kuketi usiku kucha akingoja aamke. Anapoanza kuomba msamaha, mzee anamvuta na kumkumbatia kabla hajamaliza. Nani kati yetu asiyemwona hapo baba wa Injili ya Luka, sura ya 15, akimkimbilia mwanawe njiani? Lakini kukumbatiwa huko kusingekuwa na uzito wowote kama mtunzi angeogopa kumwonyesha Zuko katika usaliti wake.

Wapinzani wetu watasema: mnasahau mengine. Hatusahau. Avatar anazaliwa upya kila anapokufa, na sisi tunaamini kwamba mtu hufa mara moja, kisha hukumu, kama Waraka kwa Waebrania unavyofundisha. Mwishoni mwa Korra, watunzi waliwaonyesha wasichana wawili wakianza kupendana, nao wakathibitisha hivyo Desemba 2014. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa tunayajua, na mzazi ana wajibu wa kuyaeleza kwa mtoto wake kwa lugha inayolingana na umri. Katekisimu hiyohiyo inatutaka pia tumpokee kila mtu kwa heshima na upole, pasipo ubaguzi usio wa haki. Lakini kuyatumia mambo hayo ili kufuta hoja ya rangi na hoja ya msichana ni kukwepa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, namba 29, ulifundisha mwaka 1965 kwamba ubaguzi kwa sababu ya jinsia au rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu na lazima uondolewe. Mababa wa Mtaguso hawakungoja katuni yoyote ili wayasome hayo katika ukurasa wa kwanza wa Biblia.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuketi na watoto. Kupiga marufuku bila kutazama ni uvivu, na kuwaachia simu bila kuuliza ni uvivu uleule. Filamu ikiisha, tuwaulize: nani aliamua? Nani aliokolewa tu? Nani hakupewa jina? Nani alikosa, na je, alipewa nafasi ya kutubu? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi, hata na wanasiasa.

Pili, tuwaunge mkono wanaochora kutoka kwetu. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani, alianzisha studio yake Malembe Maa mwaka 1988, akatoa katuni kutoka hadithi za Watetela, na baada ya uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa akatengeneza filamu kutokana na michoro ya watoto walioushuhudia. Jirani zetu wa Zambia wamesonga mbele: Malenga Mulendema alitunga Supa Team 4, iliyoonyeshwa na Netflix mwaka 2023, ambayo mashujaa wake ni wasichana wanne wa shule katika Lusaka ya siku zijazo. Lusaka si mbali na Lubumbashi. Kama wasichana wa Lusaka wanaweza kuokoa mji wao mbele ya ulimwengu, wa Bukavu na Kalemie wanangoja nini? Wanangoja sisi, wazazi na viongozi, tukubali kwamba kijana anayechora hapotezi muda.

Tatu, tuanzie parokiani. Watoto wa Xaveri na wa Kizito-Anuarite huigiza kila mwaka Noeli na maisha ya watakatifu. Tutazame tunavyogawa nafasi. Kama kila mara malaika ni mtoto mweupe kuliko wenzake, kama Herode na mpagani ni yule mweusi zaidi, kama wasichana wanaimba tu nyuma huku wavulana wakisema maneno yote, basi hatuna haki ya kumshtaki mwongozaji wa Marekani. Tumefanya kama yeye, kwa fedha kidogo zaidi.

Mungu alipomuumba mtu, aliwaumba mwanamume na mwanamke kwa mfano wake, wala hakumpa mmoja wao hadithi na mwingine nafasi ya kutazama. Yeyote anayechora uso wa mtu, kwa kalamu au kwa mashine, anagusa mfano huo. Ndiyo maana hatutasema kamwe, mbele ya watoto wetu, kwamba ni katuni tu.